Jina Langu Mentula Lisikatwe Ubatizo wa Jumapili

Crescent Town, Toronto
Machi 2011

Ndugu Japhet, Mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanangu,

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mapadri wanne, mke mmoja na redio saba, na baridi ya hapa imenishindwa. Katekista ndiye nimuogope?

Jumapili kitukuu changu anabatizwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mkubwa. Langu ni Mentula. Nilipewa na padri mzungu kule misheni nikimtumikia altareni, na miaka sitini limekaa kwenye pasipoti, kadi ya hospitali na sare ya kwaya. Sasa katekista wetu Otilia amelikata kwenye fomu ya ubatizo kwa kalamu nyekundu. Malalamiko:

1. Anasema ni Kilatini cha matusi, eti kiungo cha mwanamume. Mimi nilikuwa naitikia Misa nzima kwa Kilatini mama yake hajazaliwa, na neno hilo sikulisikia humo. Yeye kalitoa wapi?

2. Kalitoa kwenye kamusi. Kamusi hiyo hiyo inasema kisarufi neno ni la jinsia ya kike! Na lile la wanawake, eti ni la kiume! Warumi waliotawala dunia wasijue nani ni nani? Nikamwambia aende akapumzike.

3. Asili ya neno hata wasomi hawaijui. Huyu anasema shina la mnanaa, yule anasema sivyo. Mimi najua lilikotoka. Lilitoka kinywani mwa padri, sakristiani anakovalia mavazi ya Misa, mwaka 1949. Sasa msomi nani hapo?

4. Wema, mjukuu wangu, mama wa mtoto, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema mengi kwa Kiingereza. Nilichoelewa ni kicheko.

Otilia aniombe radhi mbele ya kwaya. Nisalimie wote, yeye kidogo. Shahidi wangu ni mzee Dismas wa St. James Town, tuliyetumikia naye. Mpigie simu, atathibitisha kila neno.

Mimi mzee wenu,
Mentula

Nyongeza: Usimpigie Dismas. Nimempigia mwenyewe. Anasema jina lilianza siku niliyomwaga divai, na kila padri alipolitamka alikuwa amekunja uso, na kila mara mimi niliitika "Naam, Padri!" nikitabasamu. Miaka yote hiyo Dismas amenyamaza ili nisiaibike. Kitabu cha misheni kinasema nilibatizwa Felisiani. Aliyeniita hivyo mara ya mwisho ni mama yangu. Mtoto aandikwe Felisiani. Tutajifunza kuitika pamoja.