Jembe la Prefe na Dawa ya Ukurasa wa 112

Jumamosi, 11 Mei 1974
Salongo shuleni, kazi ya Jumamosi ya kulitumikia taifa. Majembe, mashati meupe, jua kali. Prefe Kasonde, mkuu wetu wa shule, alishika jembe jipya akahesabu mpaka tatu. Nikampiga foto moja kwa kamera ya mjomba. Akamrudishia mlinzi jembe na kuomba maji.

Foto itatundikwa ofisini tarehe 20, sikukuu ya chama. Itafunikwa kitambaa, na mjumbe wa komini, ile serikali ya mtaa, ataifunua. Tumepatana na Prefe: ikitoka vizuri, mimi ni mpiga foto wa shule, na mpiga foto hachezi animasyo.

Hiyo ndiyo shabaha yangu yote. Kwenye animasyo, tunapoimbia chama, viuno vya darasa zima huenda kushoto. Changu huenda kulia, kisha husimama kufikiri. Mwape, kiongozi wa wachezaji, ananiita Profesa Mifupa mbele ya wasichana.

Mwanga nimeupima kwa jedwali la ukurasa wa 40, katika kitabu cha upigaji foto nilichopewa na mapadri. Uso wa mtu juani: ziba lenzi nusu hatua zaidi. Kimechapwa Ubelgiji, jalada gumu. Hakuna wasiwasi.

Jumatatu, 13 Mei
Wasiwasi upo. Baba Nasoro, mwenye studio kule Kamalondo, huniazima chumba chake cha giza nikimfagilia. Tulisafisha filamu. Akainua negativu kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mutoto, huku hakuna muntu. Iko kola na jembe."

Kweli. Kuanzia kola kwenda juu, Prefe yu wazi kama kioo cha dirisha, na palipo wazi hutoka peusi karatasini. Baba Nasoro anasema kitabu changu kinajua nyuso za bazungu. Nyuso zetu zinaomba lenzi ifunguliwe. Nikamwonyesha jedwali. Akasema amepiga harusi za Kamalondo miaka ishirini bila jedwali na hakuna bibi harusi aliyepotea. Mtu mwema, lakini hakusoma.

Nilimwomba Prefe ashike jembe tena. Akanionyesha lengelenge kiganjani. Akasema taifa limeshamwona akifanya kazi, lisizoee.

Jumatano, 15 Mei
Nimeokoka. Ukurasa wa 112: namna ya kutia nguvu negativu dhaifu. Unaichovya katika bikromati na matone ya asidi mpaka picha ififie na kuwa manjano, unaiosha, unaisafisha upya. Inarudi nzito kuliko mwanzo. Hatua hiyo inaweza kurudiwa.

Mama Mujinga, mwalimu wetu wa kemia, alinipa fuwele kidogo za bikromati nilipomwambia ni kwa upendo wa sayansi. Macho yake yalilowa kidogo. Hajawahi kuombwa kitu na mwanafunzi isipokuwa ruhusa ya kutoka.

Vidole vyangu sasa ni vya manjano. Mwape ametangaza mazoezini kwamba Profesa Mifupa amepikwa kwa mawese.

Ijumaa, 17 Mei
Nimeitia nguvu mara tatu, kila mara nikaijaribu karatasini. Ya kwanza, jembe liling'aa. Ya pili, mashati ya wanafunzi waliosimama nyuma yakawa meupe kama chaki. Ya tatu, jembe likaonyesha hata karatasi ya duka, bado imebandikwa. Prefe amepata meno. Hayo tu.

Baba Nasoro aliitazama kwa huruma. "Dawa inaongeza kile iko. Kile haiko, haiwezi kukizala."

Nikamwuliza ukurasa gani. Akaniambia nifagie.

Jumamosi, 18 Mei
Karatasi ya duka haiwezi kubaki. Mjumbe ataona kwamba jembe halijawahi kugusa udongo. Ukurasa wa 115: dawa ya kula weupe uliozidi. Fuwele nyekundu, pamba, mkono mtulivu.

Karatasi ilitoweka vizuri kabisa. Ningeishia hapo. Lakini shati la Mwape lilikuwa karibu sana, limejaa kiburi. Nikaligusa kidogo. Tone likateleza. Likamla Mwape, likamla jirani yake, likaendelea na mstari mzima kama moto wa majani. Nilipofikisha negativu kwenye maji, meno ya Prefe nayo yalikuwa yameondoka.

Limebaki jembe. Limesimama wima gizani, peke yake, linang'aa.

Nimeichapa. Nimeifunika kitambaa. Prefe alitaka kuchungulia. Nikamwambia bado haijakauka.

Jumatatu, 20 Mei
Mjumbe alivuta kitambaa. Shingo ya Prefe ilivimba ndani ya kola ya abakosti, koti lake la sikukuu za chama. Nilianza kutafuta mlango.

Mjumbe akasogea karibu, akavua miwani, akaivaa. Akasema amezunguka shule tisa, na kwenye kila ukuta amekuta mkuu akicheka na jembe. Hii ndiyo ya kwanza yenye kazi bila majivuno. Ni wazo la nani?

Prefe akasema ni lake. Alikuwa amelifikiria siku nyingi.

Mjumbe akataka pia kumwona kijana aliyelitekeleza. Nikasukumwa mbele. Akanishika mkono wa manjano, akasema msanii kama huyu lazima acheze mstari wa kwanza, ili akina mama wamwone. Nikamkumbusha Prefe patano letu, kwa sauti ndogo. Akaninong'oneza kwamba patano lilikuwa juu ya foto yake, na yeye hayumo.

Nimecheza saa moja na nusu. Kiuno kilikwenda kulia. Mjumbe alidhani ni mtindo mpya akapiga makofi. Mwape naye akageuza chake kulia.

Jumanne, 21 Mei
Habari njema. Jumamosi mjumbe mwenyewe anakuja kwenye salongo na anataka kupigwa foto na jembe. Yeye anataka kuonekana. Prefe ameapa: uso wa mjumbe ukitoka, sitacheza tena mpaka diploma.

Baba Nasoro amenisihi nifungue lenzi hatua mbili. Nimemshukuru kwa heshima zote. Kisha nimekwenda kuhakikisha kwenye ukurasa wa 40, na jedwali halijabadilika.

Mama Mujinga amenipa chupa nzima ya bikromati.