Ombi la Kurudishiwa Pembe Yangu ya Joto

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Seok Dong-hwan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mafua ya mama yako yamepungua. Mimi ni Pyo Man-gil wa nyumba ya mwisho mlimani, yule aliyekufundisha kupasua kuni ulipokuwa na miaka saba. Kwa hiyo najua utanisoma mpaka mwisho.

Wiki tatu zilizopita mafundi wako walifukia mabomba ya maji moto chini ya sakafu ya sebule yetu. Jumanne wanarudi kumalizia chumba cha nyuma, ambacho sakafu yake bado inapashwa na moshi wa meko ya kuni unaopita chini yake. Naomba kwa heshima zote wasije, na hayo ya sebuleni wayafukue. Sababu zangu ni hizi:

1. Joto limeenea kila mahali. Katika nyumba yenye adabu joto hukaa upande wa meko, na mkubwa wa nyumba hukaa juu yake. Pembe yangu ya sebuleni nimeikalia miaka hamsini na moja, mpaka karatasi iliyobandikwa sakafuni ikaungua na kuwa na rangi ya chai. Majuzi alikuja mkwe wangu Sang-hyeon. Nikajiandaa kumkaribisha karibu yangu ili akatae mara tatu, kama inavyotakiwa. Akajitupa palepale mlangoni na kunyoosha miguu. "Usisumbuke, baba. Hata huku kuna joto vilevile." Huyo ndiye niliyemwoza binti yangu.

2. Jirani yangu Ma Chun-bae. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka miwili, hivyo kwa haki alikuwa akikaa upande wa baridi, na baada ya saa moja anakumbuka kwao. Siku hizi anakuja tumemaliza tu kifungua kinywa. "Ninyooshe mgongo kidogo tu, kaka." Anaunyoosha mpaka chakula cha jioni. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini huyu ukimpa jembe atalifanya mto.

3. Nina kuni za kutosha misimu miwili ya baridi na hazina pa kwenda. Mke wangu Geum-rye anabonyeza kitufe ukutani, basi. Nilipomuuliza sasa kazi yangu ni ipi, akasema, "Kazi yako ni kutokigusa hicho kitufe."

4. Nikichelewa kurudi, bakuli langu la wali lilikuwa likifunikwa kwa blanketi kwenye pembe yangu, likinisubiri lina moto. Sasa linawekwa popote. Alhamisi Chun-bae alilikuta, akala. (Rejea namba 2.)

5. Hili linahusu kijiji kizima. Magoti ya Geum-rye yakiuma leo, kesho theluji inaanguka. Hata wewe ulikuwa ukituma mtu kuyaulizia kabla ya mavuno ya kabichi. Tangu mabomba yaje, magoti yamenyamaza kabisa, na juzi theluji ikatuvamia bila taarifa, kabichi za watu zikiwa bado shambani. Nani atajibu kwa hasara hiyo?

Kama kufukua yote ni kazi kubwa, waondoe ya upande wa mlangoni tu, ili kila mtu arudi kwenye nafasi yake. Kesho nitawasha meko ya chumba cha nyuma na kumkalisha mke wangu humo, akumbuke maisha yalivyokuwa matamu. Matokeo nitakuandikia hapa chini.

Nisalimie mama yako, mkeo, watoto, na yule mbwa wenu aliyeniuma. Sina kinyongo naye tena.

Ni mimi, mzee ambaye heshima yake imepoa,
Pyo Man-gil

Tanbihi: Jaribio limefanyika asubuhi hii. Niliwasha meko, nikakalia pembe ya upande wake, raha tupu. Geum-rye akaingia na vitunguu saumu vyake, akaenda kukaa mlangoni bila kuambiwa, koti mwilini. Akaomba kisu kilichokuwa kwangu. Nikampelekea, nikakaa nimsaidie kumenya. Hatujamaliza kichwa cha pili, nyayo zangu nilikuwa sizisikii kwa baridi. Nikamuuliza, "Hapa huwa hivi siku zote?"

"Siku zote, mzee wangu. Wewe hujawahi kukaa huku."

Miaka hamsini na moja, ndugu mwenyekiti. Nimeona haya hata kumtazama. Habari za theluji tutazisikia redioni kama watu wengine. Mafundi waje, na wakiweza Jumatatu, nitashukuru zaidi. Waambie waanzie mlangoni.