Mizani ya Nguvu Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto ametoka hospitali jana. Wa kike. Mzuri ajabu. Nimembeba mara moja tu, kulekule wodini, nesi kanikodolea macho kama nataka kumwiba.

Asubuhi kafika mama yangu, kamchukua. Mchana kafika mama mkwe na karai lake mwenyewe la kuogeshea, kamchukua kutoka kwa mama. Mama kanuna. Vyumba viwili, madola makubwa mawili!

Mwingine angetetemeka. Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka nawaeleza kidato cha tatu: nchi ndogo husalimika pale wakubwa wanapolingana nguvu. Wakikabana hawa, mimi napita katikati na kumbeba mwanangu. Nimemweleza mke wangu mpango wote. Kasema ana usingizi.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe anazidi. Ameteka kiti cha dirishani, kando ya kitanda cha mtoto. Mwenye kiti kile ndiye mwenye chumba.

Kanuni ni moja: egemea upande wa mnyonge. Nikamnunulia mama karai, kubwa kuliko la mama mkwe. Jioni mama mkwe akaagiza kubwa zaidi. Sasa bafuni hapaingiliki. Mtoto kaoga mara mbili na anapiga chafya. Mimi sijaoga. Mashindano ya silaha haya, kama yalivyo kitabuni. Inatisha, lakini kitaalamu inapendeza.

Jumatano, 5 Machi

Mkataba! Nimewaketisha mezani. Asubuhi mama ataogesha, jioni mama mkwe atabembeleza, mchana mtoto ni wa mke wangu kwa kunyonya na kulala. Kiti cha dirishani kwa zamu. Wamekubali, wamepeana mikono. Nikaubandika kwenye friji, nikasimama kuusoma, kifua mbele. Hakuna aliyepunjwa. Hakuna hata robo saa iliyobaki wazi.

Ndipo nikagundua. Mimi simo.

Nikaomba nipewe mtoto kidogo tu kabla ya chakula. Mama akaniambia kwa upole nikasome nilichoandika mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Amani hii itaniua. Lazima ichokozwe kidogo.

Nimemnong'oneza mama kwamba mama mkwe anasema eti yeye mama anamwogesha mtoto kama anafua soksi. Halafu nikamnong'oneza mama mkwe kwamba mama anasema nyimbo zake zinamtia mtoto kwikwi. Uongo mtupu, lakini wa kidiplomasia. Wakianza kurushiana maneno, mtoto atabaki bila mtu. Nimeshanawa mikono, nasubiri.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Walikuwa jikoni wanamenya viazi, wakaulizana. Basi, wakaulizana tu! Kwenye vitabu vyangu hakuna mahali madola yanaulizana. Nimewasikia wakicheka mpaka mama akakohoa. Kisha wakaniita.

Wameungana dhidi yangu. Vikwazo vimetangazwa papo hapo: nepi zote nafua mimi, maji nachemsha mimi, chumbani siingii bila hodi. Na nahamia kwenye kochi, ili mama mkwe alale karibu na mtoto. Kochi ni fupi, mimi ni mrefu.

Mtoto akilia, namsikia ukutani. Roho inaniuma, nisidanganye. Ni mwanangu na sijui hata harufu yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa naanika nepi. Mke wangu akatoka na mtoto, akauliza mbona sijambeba tangu hospitali. Nikamweleza yote: mizani, mnyonge, mkataba, vikwazo. Alinisikiliza hadi mwisho, maskini, na mshono wake unamuuma.

"Baba mtoto," akasema, "si ungesema tu kwamba unamtaka?"

Akaniwekea mikononi. Mzito kuliko nilivyodhani. Akafumbua jicho moja, akanikagua, akalifumba. Nikalia pale pale chini ya nepi, maji yakinidondokea kichwani, nisijue yapi ni yangu.

Kugeuka, mama na mama mkwe wako mlangoni. Nikamkumbatia mtoto kwa nguvu, tayari kwa lolote.

"Tulidhani unamwogopa, mwanangu," mama mkwe akasema. "Kila ukija unasimama mlangoni unatuangalia sisi."

Mama akaniingiza chumbani, akanivutia kiti cha dirishani. Nimekaa naye mpaka mkono ukafa ganzi. Harufu yake ni ya maziwa.

Jumapili, 23 Machi

Mabibi wameondoka leo asubuhi, teksi moja, wanacheka. Wamebeba na makarai yao. Nyumba kimya. Mke wangu ananipa mtoto bila hata kuombwa. Kitandani nimerudi. Kwa kweli sina la kulalamikia.

Ila nimekaa nikapima mambo. Mtoto akilia sana, ananyamaza kwa mama yake tu. Akifumbua macho, anamkodolea mama yake. Wao ni wawili, lao moja. Mimi niko peke yangu. Mizani imelala upande mmoja!

Mke wangu yuko bafuni. Nimempigia mama, nikamwambia mama mkwe anarudi Jumatano na karai jipya. Mama kasema atafika Jumanne.

Sasa nampigia mama mkwe. Simu inaita.