Sikio Langoni

Jumatatu, 4 Agosti

Leo historia imeanza. Natengeneza programu ya simu itakayowatambua wachuuzi wa uchochoro wetu kwa milio yao. Nimeipa jina Kuping, yaani sikio. Wazo ni langu. Wiwik, mke wangu, anadai ni lake. Alichosema yeye ni kwamba kama mumewe ni bingwa wa simu kiasi hicho, basi simu imsikilizie mama yake. Hilo si wazo. Hilo ni lalamiko.

Mambo yako hivi. Mama mkwe anaishi kwetu, na tangu Idi masikio yake hayafanyi kazi. Kila alasiri Pak Ngatijo hupita na baiskeli yake ya putu, vikeki vya unga wa mchele, mvuke unapiga filimbi juu ya jiko, na Mama hula vipande vitano. Si vinne, si sita. Sasa filimbi haisikii. Akaanza kukaa langoni kwenye kigoda tangu saa nane ili asimkose. Wiki iliyopita jua likampiga akaanguka. Daktari amepiga marufuku kigoda.

Wiwik kauliza kwa nini mimi, ninayeshinda nyumbani kila alasiri, nisimguse tu bega filimbi ikilia. Nikamweleza kwamba hiyo si teknolojia. Isitoshe Mama mwenyewe hataki. Anasema yeye si mtoto wa kuitwa aje kuoga. Atatoka mwenyewe, au basi putu zenyewe aziache.

Programu yangu iliyopita ilitabiri kama nguo zitakauka. Ina watumiaji watatu. Wawili ni simu zangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na mlio rahisi kwa mazoezi. Muuza bakso, supu ya vidonge vya nyama, hugonga bakuli kwa kijiko, ting ting ting. Kwa nini nimsubiri? Nina bakuli, nina kijiko. Nikasimama langoni saa kumi kamili, simu inarekodi, nikagonga. Nina mkono mzuri, nakiri.

Kwenye pigo la arobaini hivi nikainua macho. Watu kumi na mmoja wamesimama mbele yangu, kila mmoja na bakuli lake. Mjumbe wa mtaa alikuja na sufuria. Bu Tentrem, jirani wa kushoto, alikuwa ameshakata majani ya kunyunyizia juu.

Mjumbe kauliza bakso iko wapi. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema, "Sawa, Mas Gun, na hiyo sayansi yako ina tambi?" Wakaondoka wananung'unika. Bu Tentrem kanirushia majani.

Funzo: nigonge polepole zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Filimbi ya putu imeingia! Nilimfuata Pak Ngatijo kwa heshima zote, nikasogeza simu karibu na jiko lake. Mlio mmoja mwembamba, mrefu, hauyumbi. Mzee anasema tundu la mvuke alilitoboa mwenyewe miaka thelathini iliyopita kwa msumari. Kwa msumari! Watu wanasoma chuo miaka minne hawatoi sauti safi namna ile.

Programu lazima iuzoee mlio. Nimeweka spika dirishani nikaipiga filimbi mara mia tatu, huku simu ikijifunza. Dirisha linatazama kwa Pambudi, ng'ambo ya uchochoro. Pambudi ni mwalimu wa hesabu na hasimu wangu. Naye hutengeneza programu. Yake inahesabu alama za mashindano ya ndege waimbao, na ina watumiaji elfu mbili. Muundo wake ni safi mno, kila kitufe kiko pale kidole kinapotaka kuwa. Namchukia. Yupo semina hadi Jumamosi, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Ndege wake tu ndiye alikuwa barazani.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi!

Simu yangu ya zamani nimeifunga juu ya nguzo ya lango, ndani ya mfuko wa nailoni. Hiyo ndiyo inayosikiliza. Simu nyingine Mama anaining'iniza shingoni kwa kamba. Ya langoni ikisikia putu, ya shingoni inatetemeka.

Saa kumi na nusu Mama alishtuka, akashika kifua, akaitazama simu. Akachukua sahani. Akatembea hadi langoni peke yake, taratibu, mgongo umenyooka, na Pak Ngatijo ndio kwanza anafunga breki. Vipande vitano. Wiwik kajifuta macho kwa kitambaa, akasema ni vitunguu. Hakuna aliyekuwa anakata vitunguu.

Mimi mwenyewe nilitazama ile simu kwenye nguzo muda mrefu. Kitu kipana kama kiganja, kioo kimepasuka, nilitaka kukitupa mwaka jana. Kimemtoa mwanamke mzima ndani ya nyumba kwa miguu yake. Nani asiyeipenda kazi hii?

Nikaenda mbio kwa mjumbe. Amenipa dakika tano jukwaani tarehe 17, sikukuu ya uhuru, kati ya shindano la kula kerupuk, vikaukau vya kuning'inia kwenye uzi, na la kuvuta kamba. Pambudi alizitaka dakika hizohizo kabla ya semina. Pole yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama ametoka mara tisa. Ya kwanza saa moja asubuhi. Kila mara na sahani, kila mara uchochoro mtupu. Mara ya sita jirani mmoja alimuuliza anamsubiri nani, naye hakusikia swali, akamwonyesha sahani tu akitabasamu.

Nilikagua programu nzima. Haina kosa. Inasema ilisikia putu. Nikavua vifaa vya masikioni, na mimi nikaisikia. Filimbi nyembamba, ndefu, haiyumbi. Inatoka barazani kwa Pambudi.

Ni ndege. Senopati, murai mwenye mkia kama tai ya mwalimu mkuu. Ndege hawa huiga, ndiyo sababu wenyewe huwafundisha milio mizuri. Huyu nimemfundisha mimi. Mara mia tatu.

Kesho anashindana.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuenda mashindanoni. Nimepewa habari zote na Pambudi mwenyewe, langoni kwangu, tundu la ndege mkononi.

Ndege arobaini wamepangwa. Majaji wametulia na kalamu. Senopati kajaza kifua, akatoa filimbi ya putu. Akarudia. Akaendelea kwa dakika kumi. Watazamaji wawili wakainuka wakaenda kumtafuta muuzaji. Jaji mmoja kaandika kwenye karatasi yake kwamba ana njaa.

"Miezi minane namlea kuimba, Mas Gun," akasema. "Sasa nina mpishi."

Nikamwambia filimbi yenyewe ilikuwa safi sana, na hilo ni sifa kwa mwalimu. Hakuipenda ile sifa.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama amevua simu. Ameikunja pamoja na kamba yake, akaiweka kabatini kati ya sahani. Kisha akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, simu yako inasema uongo. Usihangaike tena. Putu nimeshakula za kutosha maisha yangu."

Angefoka ingekuwa afadhali.

Saa kumi na nusu Pak Ngatijo kapita, yeye halisi, filimbi halisi. Mama alikuwa anachambua mchele, kalipa lango mgongo. Nilinyoosha mkono nimguse bega. Nikakumbuka alivyokataa kuitwa. Nikaurudisha. Baiskeli ikapunguza mwendo mbele ya lango letu, ikasubiri kidogo, ikaenda.

Nimeona uchungu. Naandika hivyohivyo.

Jumanne, 12 Agosti

Nilimwomba Pambudi amhamishe ndege. Akauliza kwa nini nisiihame mimi nyumba. Nikarudi na sahani ya tempe ya soya ya kukaanga. Akala zote, akasema nimletee hiyo programu aione, angalau acheke.

Amecheka, kweli. Kisha akavuta kiti. Kitu kilichonisumbua usiku na mchana amekinyoosha kwa dakika kumi, vidole vinatembea bila haraka, anaimbaimba. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumpigia makofi. Tulihamia kwangu, karibu na nguzo, tukajaribu kumtenganisha ndege na putu kwa ukali wa sauti, kwa urefu, kwa kila kitu. Haikuwezekana. Senopati ameiga hata kile kikohozi kidogo cha mvuke unapoanza.

Mama akaleta chai. Akauliza kwa ishara tunagombania nini. Pambudi akamwandikia kwenye karatasi, herufi kubwa za ubaoni: NDEGE ANALIA KAMA PUTU. SIMU INADANGANYIKA.

Mama akacheka hadi akakaa. Kumbe siku zote alidhani simu imeharibika kwa sababu yake, ameibonyeza vibaya. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya juu ya siku hizi, "Lakini Ngatijo anakuja. Nilipokuwa nasikia, nilimshika tangu darajani, mlio wake mwembamba kama uzi. Nyuma ya msikiti anapotea. Kwenye kisima anarudi, mnene. Nikihesabu ishirini yuko langoni. Ndege wenu haji. Kakaa tu pale."

Pambudi akaweka kalamu chini. Tukatazamana. Mwanamke asiyesikia ametuambia tusikilize nini.

Jumatano, 13 Agosti

Tumefumua yote tukaijenga upya nyumbani kwa Pambudi. Kuping sasa haiulizi huu ni mlio gani tu. Inauliza kama mlio unakuja. Mwembamba, unapotea, unarudi mnene. Pambudi ameandika sehemu kubwa. Mimi nimechagua rangi ya alama, kijani cha majani ya pandan, na imependeza sana.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama alikataa kuvaa simu. Pambudi akamwandikia: HILI NI WAZO LAKO, BU. LIJARIBU MARA MOJA. Alisoma mara mbili. Akainamisha kichwa, nikamvisha kamba.

Senopati alipiga filimbi mara kumi na sita. Nilihesabu. Simu kimya. Kila mara namtazama Mama, kila mara anapepeta mchele.

Saa kumi na dakika ishirini na nane simu ikatetemeka. Mama akaweka ungo chini. Sahani. Akaenda. Nikakimbilia dirishani: uchochoro mtupu, kuku mmoja. Mama amesimama langoni, sahani kifuani, anatazama upande wa msikiti. Nikaona imekwisha, nimemwaibisha tena, hii ya mwisho. Pambudi barazani kwake kaziba macho kwa mkono.

Ndipo baiskeli ikakunja kona ya kisima.

Kabla ya kigoda, Mama ndiye aliyemkimbilia Pak Ngatijo. Leo mzee ndiye aliyemkuta Mama anamsubiri. Mzee akashuka, akatazama nyuma alikotoka, akauliza, "Bu, umenijuaje na sijafika?" Mama hakusikia swali ila alisoma uso. Akagonga ile simu kifuani mwake kwa kidole.

"Nimekusikia," akasema.

Pak Ngatijo alimwekea vipande sita. Mama akarudisha kimoja.

Wiwik hakusema vitunguu safari hii. Wala mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Dakika zangu tano. Nilieleza jinsi nilivyolibuni wazo, ugumu wa safari, na rangi ya alama. Watu walikuwa bado wana makombo ya kerupuk kwenye mashavu, lakini walisikiliza. Kisha mjumbe akampa Mama kipaza sauti. Sikumwomba afanye hivyo.

Mama akamshukuru Mwalimu Pambudi kwa mwandiko wake mzuri. Akamshukuru Pak Ngatijo kwa msumari wake. Akamshukuru ndege. Akamaliza kwa kusema mkwe wake ni mtu wa moyo mwema na atafika tu, ila huzunguka. Makofi makubwa. Senopati alipigiwa zaidi. Watu wanne wamepakua Kuping palepale, na mmoja ni Bu Tentrem.

Pambudi amenishika bega, akaniambia programu tumeitengeneza pamoja na anaionea fahari. Ni mtu mzuri sana. Tatizo ni kwamba naye analijua hilo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekaa nikatafakari. Nimejifunza mengi. Kwanza, wazo lilikuwa langu tangu mwanzo.

Watumiaji wapya wanaulizia bakso. Pambudi anashauri tukae kwa utulivu, tumrekodi muuzaji halisi akipita, mara moja kwa siku, hadi Desemba. Ushauri wa kimwalimu. Mimi nataka mia tatu leo. Na sasa najua nilipokosea ile Jumanne ya bakuli: nilisimama. Mlio lazima utembee. Kwa hiyo alasiri hii nitagonga bakuli tangu darajani, nyuma ya msikiti, kisimani, hadi langoni, kisha narudi naanza tena. Nguvu zangu zote, simu isikie vizuri. Sioni kitakachoharibika.

Bakuli nitaazima kwa Bu Tentrem. Ya kwetu yote Wiwik ameyafungia kabatini na kuondoka na ufunguo, sijui kwa nini.