Malalamiko Kuhusu Neno la Siri la Mke Wangu

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Vifaa vya Nyumbani.

Ndugu Mhariri,

YAH: USHAURI WA BWANA KITUFE JUU YA KOMPYUTA NDOGO YA BEI NAFUU, NA YALIYONIFIKA BAADA YA KUUFUATA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa kwenye kiti kizuri, maana ni ndefu kidogo na nisingependa uisome umesimama. Uniwie radhi pia kwa mwandiko. Barua zangu zote hupigwa chapa na mke wangu, lakini hii, kwa sababu utakazoziona huko mbele, nimeona heri niiandike kwa mkono wangu mwenyewe, nyuma ya pazia la saluni.

Mimi ni kinyozi. Nina viti viwili, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri, na gazeti lako husomwa kwenye benchi hilo mpaka linapasuka katikati. Si mtu wa magomvi. Anayeshinda na wembe shingoni mwa watu hujifunza kumeza hasira asubuhi na kuitema jioni akishafunga duka. Lakini hili limenikaa kooni.

Mke wangu ni mpiga chapa. Watu humletea barua za kuomba kazi, risala za kuwaaga wastaafu na kadi za mialiko, naye alikuwa akizipiga kwa mashine yake ya taipu iliyokuwa na kishindo cha mvua ya mawe. Mwaka huu mashine iligoma, na utepe wake wa wino hauuzwi tena popote. Nikamwona mwenzangu anakaa mbele ya mashine iliyokufa, mikono mapajani, na roho ikaniuma. Ndipo nikasoma makala ya mwandishi wako anayejiita Bwana Kitufe, "Chagua Kompyuta Ndogo ya Bei Nafuu Bila Kujuta." Nilichagua. Nimejuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu kuchagua. Bwana Kitufe aliandika kwamba mnunuzi ajue kwanza kazi atakayoifanya, kisha aende dukani na mtu anayevifahamu vyombo hivi. Nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye aliwahi kuuza makava ya simu na hivyo katika ukoo wao anahesabika kuwa mhandisi. Dada wa dukani akatuuliza tunataka kumbukumbu ya giga nne au nane. Shemeji akatikisa kichwa kwa namna iliyokubaliana na zote mbili. Nikauliza kumbukumbu ya nini hasa. Dada akanieleza kwa upole kwamba huo ni uwezo wa mashine kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Basi nikamfikiria mke wangu, anayekumbuka nilichosema siku ya posa neno kwa neno, shati nililovaa na kifungo kilichopungua, nikasema nipe hiyo ya nne, kumbukumbu nyumbani ipo ya kutosha. Bwana Kitufe hakunionya kwamba ya nne ukiifungulia madirisha matatu kwa pamoja huanza kuhema.

2. Kuhusu jina. Mwandishi wako ameiita "kompyuta mpakato" kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Mhariri, mke wangu amekula mkate wake kwa maneno, na hayachukulii kimzaha. Alisema kitu kikiitwa mpakato maana yake kinapakatwa. Akakaa kitini, akaweka mto mapajani, akaipakata kompyuta juu ya mto, na kwa sababu kulikuwa na baridi akaifunika shuka hadi shingoni. Kumbe chombo hiki hupumulia tumboni. Kilipata joto, kikatoa sauti ya mtu anayetaka kupiga chafya, kikazima. Wiki mbili baadaye Bwana Kitufe akaandika, bila hata kuona haya, kwamba kompyuta mpakato iwekwe mezani, mahali pagumu na pa wazi. Sasa kwa nini iitwe mpakato? Nimeambiwa jina la kompyuta ya mezani limeshachukuliwa na ile kubwa. Basi si mngeziita kompyuta zote mbili mkazipatanisha.

3. Kuhusu maswali. Tulipoiwasha mara ya pili, mezani, iliuliza lugha. Nikachagua Kiswahili kwa kifua mbele. Ikatusalimu vizuri, halafu ikaanza kudadisi: ijue tulipo? Isikilize sauti zetu? Iwapelekee walioiunda habari za matumizi yetu? Mke wangu akajibu hapana, hapana, na hapana. Alisema mgeni hajavua viatu, tayari anataka kusikiliza mazungumzo ya chumbani. Nilimsifu sana. Nilijiona nimeoa mwanamke makini, asiyeyumbishwa, nikatoka kwenda kupiga soga zangu mlangoni na jirani kwa muda mfupi tu. Ni katika muda huo mfupi ndipo mashine ilipomwomba neno la siri.

4. Hapa ndipo penye jeraha, kwa hiyo naomba usome polepole. Makala ya Bwana Kitufe, ambayo nimeikata na kuibandika pembeni mwa kioo changu, inasema hivi: neno la siri liwe jambo unalolijua wewe peke yako, ambalo hata mtu wa karibu nawe kabisa hawezi kulikisia. Shemeji anasema alimaanisha herufi na tarakimu zilizovurugwa. Labda. Lakini mke wangu aliyasoma maneno kama yalivyoandikwa. Neno. La siri. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliweka mikono juu ya meza, akatazama dirishani, akaanza kutafuta katika maisha yake yote jambo ambalo hajamwambia mtu.

Na akalipata, Mhariri. Hakuchukua muda. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi ningetegemea atafute mpaka jua lizame, kisha aje kuniomba nimwazime langu. Niliporudi ndani mashine ilikuwa imeshafunguka, imetulia, na yeye ana uso wa mtu aliyefunga kabati. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni neno gani. Akanijibu: "Neno la siri ni la siri, baba watoto. Nikikwambia litakuwa tangazo."

Mimi sina siri kwake. Sikuwa nazo hata nilipozihitaji. Anajua jino langu lipi ni la kubandika, anajua kwamba naogopa bata, anajua nilivyolia kwenye mahafali ya binti yetu nikasingizia vumbi. Nilidhani tumeishi kwa hesabu sawa.

5. Kuhusu kidokezo. Siku moja mke wangu alikwenda sokoni, nami nikawa na haja ya dharura ya kuandaa bango la mitindo ya nywele. Haja hiyo ilikuwa ya kweli, ijapokuwa nakiri ilikuja ghafla. Nikaiwasha kompyuta. Nikajaribu jina la binti yetu. Nikajaribu jina la marehemu mama mkwe wangu. Nikajaribu jina langu, na lilipokataliwa nikalijaribu tena nikiwa nimetanguliza "mpenzi." Kila mara mashine ilinijibu kwa Kiswahili safi kwamba neno la siri si sahihi. Sijawahi kuambiwa kwa adabu namna ile kwamba siye mimi.

Ndipo yenyewe, bila kuombwa, ikaleta mstari mdogo chini ya kisanduku: "Kidokezo: mwenyewe hajui mpaka leo."

Mhariri, tafadhali kaa na sentensi hiyo kama nilivyokaa nayo mimi. Mwenyewe nani? Nyumbani kwetu mtu akibisha hodi na kuuliza kama mwenyewe yupo, anayetafutwa ni mimi. Lakini mwenyewe anaweza pia kuwa mwenye nyumba tunayopanga, na shemeji ameshikilia hapo, anasema huenda dada yake amevunja kitu cha mwenye nyumba akakificha. Mwenyewe anaweza kuwa mtu yeyote duniani, Mhariri, na lugha yetu haisemi hata kama ni mwanamume au mwanamke. Niliifunga mashine na kuifuta alama za vidole kama mwizi.

6. Kuhusu hasara ya kazi. Tangu siku hiyo mikono yangu si ile. Niliwauliza watu wa benchini, nikiliweka jambo kama la rafiki yangu wa mtaa wa pili, mke akiwa na siri inamaanisha nini. Wakampa pole nyingi huyo rafiki, na mmoja akaniuliza mimi kama siku hizi nakula vizuri. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alitoka kwangu na upande mmoja wa nywele uko juu kuliko mwenzake, na akaenda hivyo kwenye kikao cha wazazi. Mpaka leo hajarudi.

Nasema wazi, kwa sababu nyuma ya pazia hili hakuna anayeniona: naogopa. Tangu tuoane sijawahi kulala chumba kimoja na jambo nisilolijua. Nimeyapitia yote ya nyuma, nikaona siku ambazo pengine nilimchosha, na kazi ambazo pengine angezipata mjini kwingine kama si mimi na viti vyangu viwili. Vipi kama siri yenyewe ni kwamba anajuta? Na anaiandika kila asubuhi, kwa vidole kumi, kabla hajaanza kazi, mimi nikiwa chumba cha pili nachana nywele.

Kwa sababu hizo, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo. Kwanza, Bwana Kitufe asahihishe kwa herufi nzito kwamba hilo si neno la siri bali ni neno la kufungulia, kama ufunguo wa stoo, na ufunguo wa stoo hutundikwa ukutani kila mtu akiuona. Pili, mtu aliyeoa au kuolewa asichague neno hilo ila mbele ya mwenzake na shahidi mmoja kutoka kila upande, kama ilivyofanyika siku ya ndoa. Tatu, vidokezo vipigwe marufuku, au viandikwe vikiwa na jina kamili la anayesemwa. Nne, kama hayo hayawezekani, kompyuta ndogo za bei nafuu ziuzwe kwa wajane, makapera na watawa peke yao. Na tano, Bwana Kitufe mwenyewe aje nyumbani kwangu amweleze mke wangu alichomaanisha. Akimaliza nitamnyoa bure, taratibu, kwa wembe mpya, nikiwa bado na maswali mawili matatu ya kumuuliza.

Nisalimie wote hapo ofisini: wachapaji, wanaopanga picha, anayeleta chai na mlinzi wa getini. Msalimie mkeo pia, na kama naye ana kompyuta, usiseme hukuambiwa. Bwana Kitufe mpe salamu zake nusu, nyingine atazikuta kwangu.

Wako katika kudai ukweli,
Kinyozi wa Viti Viwili.

N.B. Tafadhali usiichapishe barua hii. Ilikuwa tayari kwenye bahasha asubuhi ya leo, nami ningeichana, ila nina swali ambalo nitalieleza na bahasha sina nyingine.

Nilirudi nyumbani kuchukua waya wa kuchajia mashine ya kunyolea. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anakaa mezani, mgongo kaupa mlango. Sasa, watu waliojifunza taipu zamani kwa kusomewa imla wana mazoea yao: hutamka kwa sauti ya chini kila wanachokipiga, na nukta na mkato pia, na wenyewe hawajisikii. Nilimsikia. Alitamka taratibu, huku vidole vikimfuata: "Nilimpenda mimi kwanza. Pamoja, bila nafasi. Alama ya mshangao."

Inabidi ujue, Mhariri, kwamba hakuna kichwa kilichopita kwenye kiti changu ambacho sijakisimulia nilivyompata mwanamke huyu. Nilikuwa nikipeleka barua za kupigwa chapa kwenye ofisi aliyokuwa akifanya kazi, barua zisizokuwa na wa kuandikiwa, wiki baada ya wiki, hadi akachoka akakubali. Huisimulia hata mbele yake, na yeye huinamisha kichwa na kusema, "Alinisumbua kweli huyu." Miaka yote hii ameniachia ushindi huo, nikatamba nao mtaa mzima.

Nilitoka kwa ncha za vidole, bila waya. Nimenyoa kwa mkasi kutwa nzima, na kama nilikuwa natokwa na machozi, wateja walidhani ni vinyweleo.

Basi malalamiko yangu yote nayafuta, kuanzia la kwanza. Mwambie Bwana Kitufe asiguse hata herufi, ila ule ushauri wake wa kubadilisha neno la siri mara kwa mara auondoe upesi kabla mke wangu hajausoma. Yeye hajui kwamba najua, wala sitamwambia. Na swali langu ni hili: ni kompyuta ndogo ipi ya bei nafuu inayomfaa kinyozi? Nimepata neno la siri, na sina pa kuliweka.