Mwanamwema Akiitwa Haitiki

Kingsbury, London
Machi 2004

Kwa Ndugu Hitesh, mwenye duka la kompyuta,

Baada ya salamu na heshima unazostahili, ukiwa mtoto wa Darajani mwenzangu, nakuletea mashtaka dhidi ya ruta uliyoniuzia, hicho kisanduku cha kuunganisha kompyuta za nyumbani. Uniwie radhi kwa mwandiko wa kalamu, sababu utaiona.

Kompyuta yenye printa iko chumba cha juu. Nimeipa jina la marehemu mama yangu, Mwanamwema, ili niiite kwa kompyuta ya sebuleni nichape kadi za harusi ya binti yangu Najla. Harusi imekaribia, na kadi hazijafika nusu.

1. Kwetu mtu akiitwa huitika. Mwanamke husema "Abee", mwanamume "Naam". Hii mara huitika, mara skrini inaniambia kwamba kwa Mwanamwema hakuna printa. Mama yangu, ambaye nyumbani kwake hakikukosekana kitu, leo anaambiwa hana printa!

2. Mchana huitika vizuri. Jioni, Najla akirudi kutoka kazini Stratford na kufungua laptopu yake, ile ya juu inanuna. Nimelipima jambo hili kwa mantiki yote niliyosoma, nikafikia uamuzi mmoja tu: mashine yako inapinga ndoa. Kama ina mchumba wake iliyempendekeza, ingesema mapema.

3. Nilipokuja kulalamika ulinijibu, "Bwana Abdulwakil, zima, subiri, washa," na Bi Damyanti mkeo akacheka nyuma ya kaunta. Nimezima. Nimesubiri. Nimewasha. Falme zimeanguka kwa ushauri bora kuliko huo.

4. Mke wangu Zahra anauliza kwa nini nisipande ngazi na diski mkononi. Ndugu Hitesh, mtu aliyenunua ruta kisha akapanda ngazi, amenunua nini? Umenitia aibu mbele ya Zahra, na Zahra hasahau.

Hivyo nadai: kadi zisipotoka kabla ya Ijumaa, utavaa kanzu uzunguke mwenyewe nyumba kwa nyumba, Stratford hadi Croydon, ukialika watu kwa mdomo kama walivyofanya wazee wetu. Kila mlango utakaribishwa chai, na kukataa ni tusi. Kwa makisio yangu utamaliza mjukuu wangu anatambaa.

Nisalimie mama yako, watoto, na Bi Damyanti pamoja na kicheko chake.

Mteja wako, mwenye hasira na mapenzi,
Abdulwakil Harith

Tanbihi: Bahasha ilikuwa tayari, Zahra akachungulia laptopu ya Najla. Kumbe naye ameipa jina la bibi yake, Mwanamwema, bila kuniambia. Nikiita jioni, hiyo ndiyo inayoitika, nayo haina printa. Ruta haina kosa. Zahra ametutaka mmoja wetu abadilishe jina. Tumekataa sote wawili. Kadi yako imo humu, nimeichapa leo Najla akiwa kazini, njooni nyote. Baada ya harusi anahamia Croydon kwa mumewe, na laptopu yake. Hapo ya juu itaitika kila nikiita, mchana na jioni.

Ndugu Hitesh, huna ruta mbovu ya kuniuzia, inayonuna jioni?