Otha wa Mwisho

Jumatatu, 4 Machi 1974

Theluji tena. Detroit nzima ina rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Claudine, binti wa marehemu dada yangu, anakaa na mumewe ghorofa ya juu ya nyumba yangu. Atajifungua wiki hii. Mtoto wa kiume, wanasema wajuzi wa matumbo wa kanisani. Jina bado!

Nimewakuta mezani na kijitabu cha majina ya Kiafrika, wanatia alama kwa penseli. Nikauliza, kwa upole wa njiwa, kama wamefikiria jina la mtu wa ukoo. Mumewe akadakia kwamba majina yetu haya tulipewa na waliotumiliki, na mwanawe atapata jina lenye maana. Huyu alikuwa Curtis hadi mwaka juzi. Sasa ni Jelani, na ole wako usahau. Claudine alinitazama kwa muda mrefu, kama anayengoja. Nikaomba chumvi.

Lenye maana! Mimi ni Otha Pettway. Babu yangu alikuwa Otha, akalima pamba kule Alabama kwa jina hilo hilo. Mwanangu alikuwa Otha Junior. Alikufa Vietnam mwaka sitini na nane, ana miaka ishirini, na mama yake hakumaliza mwaka baada yake. Nimebaki mimi, na kifua kinakoroma. Nikifa, jina limekwisha. Naliogopa jambo hilo kuliko kufa kwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Wanataka jina la Afrika? Nitawapa la Afrika. Funguo za ofisi ya kanisa ninazo mimi. Nimekaa kwenye mashine ya kuchapa, vidole viwili, saa nzima: "OTHA. Mfalme asiyerudi nyuma." Mwanzo niliandika "mfalme wa wafalme na wa simba." Nikaona nazidisha. Kiasi ni kitu kizuri.

Claudine alipokwenda kliniki nikakiazima kijitabu bila kusema. Tabu moja: kwenye herufi O hakuna nafasi. Ilibidi nimfunike mtu. Omari wako wengi mtaani siku hizi, angetafutwa. Nikamfunika mmoja anayeitwa Otieno. Nani atamtafuta huyo? Gundi nimepika mwenyewe, unga na maji.

Alhamisi, 7 Machi

Amezaliwa! Wa kiume, pauni nane, mapafu ya mhubiri. Jelani akafungua kijitabu pale pale wodini. Akapiga kelele kwamba Otha limo! Nikashangaa. Nilishangaa sana hata nesi akaniuliza kama nahitaji kiti. Jelani akanishika mikono yote miwili na kuniita Mzee. Jina litatangazwa Jumamosi ya wiki ijayo, mbele ya watu. Claudine alikuwa amegeukia ukutani. Uchovu, nadhani.

Jumapili, 10 Machi

Shemasi Purvis Gaines ni jirani yangu. Pia ni adui yangu, tangu aliponinyang'anya zamu ya kupokea watu mlango wa kati kanisani. Ana wajukuu saba, wawili wanaitwa Purvis. Leo nimemwambia, kwaya nzima inasikia, kwamba Otha ni jina la wafalme.

Akatabasamu. "Hongera, ndugu Pettway. Nina mpangaji, mwanafunzi kutoka Kenya. Nimlete Jumamosi naye afurahi?"

Nikasema amlete. Kwa nini nilisema amlete? Ulimi hauna mfupa. Lakini Afrika ni kubwa. Mtu mmoja hawezi kuwajua wafalme wote.

Jumamosi, 16 Machi

Siku mbaya. Watu arobaini sebuleni. Kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, mboga za majani na mguu wa nguruwe. Kijitabu kikapita mkono kwa mkono hadi kwa mpangaji wa Gaines, kijana mpole mwenye koti jembamba. Akipewa kitabu cha majina, kila mtu hutafuta lake kwanza. Naye akatafuta lake. Gaines humwita Tom tangu alipohamia. Jina lake ni Otieno.

Akapekua mbele, akapekua nyuma. Akasema ajabu, wenzake wote wamo ila yeye. Kidole kikagusa karatasi nene. Akaibandua kwa ukucha.

"Aa, kumbe nilikuwa huku chini!" akasema, akacheka kwa furaha. Maskini, hakujua alichofanya.

Gaines akashika ukuta. "Mfalme asiyerudi nyuma! Jamani, mbona anarudi jikoni?"

Maana kweli nilikuwa narudi jikoni. Claudine akanifuata, mtoto begani. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Mjomba, Junior ndiye aliyenifundisha baiskeli," akasema. "Alipokufa ukakataza asitajwe humu ndani. Mimi nilitaka kumwita mwanangu Otha tangu mwanzo. Kwa ajili yake. Jelani ningemweleza, angekubali. Nilikuwa nangoja useme jina la mwanao, mara moja tu."

Nikamwambia basi amwite sasa.

"Sasa? Umesikia wanavyocheka? Sitaki Junior achekwe."

Mtoto anaitwa Sekou. Jina zuri. Nimelia, na sahani ya makaroni mkononi.

Jumatatu, 18 Machi

Sijatoka siku mbili. Leo nimemtaja Junior kwa sauti, peke yangu, mlango nimefunga. Sauti ilikatika kabla sijafika mwisho.

Barua imekuja kutoka Flint. Rosetta, mtoto wa binamu yangu, ni mjamzito, atajifungua mwezi wa sita. Ningeweza kupanda basi, nikae naye, nimsimulie habari za mwanangu, halafu nimwombe. Nimelifikiria hilo kwa dakika mbili nzima.

Lakini Rosetta hana habari na Afrika. Yeye ni mtu wa Biblia. Nimemjibu leo leo: Otha alikuwa nabii mdogo, alikuja baada ya Habakuki. Mumewe ni mchungaji, ndiyo. Ila manabii wale, hata wachungaji hawawasomi.